Mwalimu Aliponyamaza: Uchambuzi wa Kisa cha Plum Village

Tarehe 11 Novemba 2014, katika hospitali moja ya Bordeaux, Ufaransa, mtawa wa Kivietinamu mwenye umri wa miaka 88 alipata kiharusi. Damu ilivuja kwenye ubongo. Hakufa, lakini upande wake wa kulia ulipooza na sauti ikamtoka. Tangu siku hiyo hadi alipofariki, zaidi ya miaka 7 baadaye, hakufundisha tena kwa maneno. Jina lake Thich Nhat Hanh, ila wanafunzi wake walimwita Thầy, yaani mwalimu kwa Kivietinamu. Ni kama Tanzania: mtu akisema Mwalimu bila kutaja jina, hakuna anayeuliza mwalimu yupi.

Watu walikuwa wakipanda ndege kutoka Brazil, Japani na Kanada ili wakae sakafuni na kumsikia akisema taratibu kwa sauti ya chini. Vitabu vyake vilizidi 100. Jumuiya yake ya Ufaransa, Plum Village, iliyozoea kukusanyika kuizunguka sauti ya mtu mmoja, ilifanya nini kesho yake asubuhi?

Iliamka kabla ya jua. Kengele ikapigwa, watu wakakaa kutafakari, uji ukapikwa, masufuria yakaoshwa. Mafungo ya siku 90 ya majira ya baridi hayakufutwa. Hayo ndiyo ya nje, na mtu angeweza kudhani ni ujasiri tu wa wanaofiwa. Mimi nadhani sababu ni nyingine, haina msisimko hata kidogo, na ilianza miaka mingi kabla ya kiharusi.

Kwanza tujue ni watu gani hawa. Dar es Salaam kuna hekalu la Wabudha pale Upanga, la watu wenye asili ya Sri Lanka, lakini huo ni mkondo mwingine wa Ubudha, Theravada. Plum Village ni chipukizi la Zen ya Vietnam, mkondo unaoweka mbele kutafakari, na mizizi yake iko kwenye hekalu la Từ Hiếu mjini Huế, ambako Thich Nhat Hanh aliingia utawa mwaka 1942 akiwa kijana wa miaka 16. Zoezi lao kuu ni lile ambalo Mwislamu wa pwani angelielewa ukimwambia ni kuhudhurisha moyo. Ukikaa, uko hapo ulipokaa. Ukitembea, hatua unaijua. Ukiosha sahani, akili haijakutangulia kwenye chai.

Mwaka 1966 Thich Nhat Hanh alikwenda Marekani na Ulaya kuomba vita ya Vietnam ikomeshwe. Serikali za pande zote mbili zilichukizwa, mlango wa nyumbani ukafungwa, na uhamisho wake ukadumu miaka 39. Huko Ufaransa yeye na wenzake waliishi kwanza kwenye makazi madogo waliyoyaita Viazi Vitamu. Makazi hayo yalipozidiwa na wageni, mwaka 1982, yeye na Chan Khong, mwanamke aliyefanya naye kazi tangu siku za vita, walinunua mashamba ya zamani yenye mabanda ya mawe mashariki ya Bordeaux. Walipanda miplamu 1,250, kwa kuwa 1,250 ndiyo idadi ya watawa wanaotajwa katika maandiko kuwa walimzunguka Buddha mwanzoni. Mauzo ya plamu yalikusudiwa kusaidia watoto wa Vietnam. (Plamu si zambarau zetu. Ni tunda la nchi za baridi, na eneo lile la Ufaransa linasifika kwa plamu za kukausha.) Hivyo kijiji kikaitwa Village des Pruniers kwa Kifaransa, Làng Mai kwa Kivietinamu, na ulimwenguni Plum Village.

Jumuiya hii, kwa hiyo, ilizaliwa ikiwa imepoteza. Waanzilishi wake walikuwa wakimbizi. Hawakuwa na hekalu la mababu la kurudi, wala umati wa waumini wa kuwaletea mchele kila asubuhi kama ilivyo Vietnam. Chochote walichokijenga kilipaswa kuweza kubebwa.

Mambo mengine yalikuwa yamekwisha kujengwa hata kabla ya uhamisho. Februari 1966, Thich Nhat Hanh aliwapa nadhiri watu 6, wanaume 3 na wanawake 3, katika udugu mpya ulioitwa Tiếp Hiện. Mmoja wao, Nhat Chi Mai, alijichoma moto Mei 1967 akiomba amani. Udugu huo uliwachanganya watawa na watu wa kawaida wenye kazi na familia, na sharti lake lilikuwa la kupimika kuliko la imani: mwanachama ajitahidi kutimiza siku 60 za mazoezi kwa mwaka, na asome kanuni 14 pamoja na wenzake angalau kila wiki mbili. Pamoja na wenzake, hapo ndipo penye uzito. Kanuni zisiposomwa na wenzako kwa muda mrefu, nadhiri yenyewe inakufa.

Mkatoliki wa Tanzania au Kenya ataona kitu anachokijua. Jumuiya ndogondogo haiendeshwi na padre. Inakutana nyumbani kwa mama fulani, inasoma, inasali, inauliza nani mgonjwa. Padre akihamishwa, jumuiya inakutana juma linalofuata vilevile. Vikundi vya Plum Village vya mitaani vinavyokutana sebuleni au kwenye ukumbi wa kukodi, ambavyo kwa hesabu ya Plum Village yenyewe vimepita 1,000 duniani, vimejengwa kwa mantiki hiyohiyo. Havikusubiri mtu aje kutoka Ufaransa ndipo kengele ipigwe.

Ndani ya makao ya watawa kuna taratibu tatu ambazo nadhani ndizo zilizobeba mzigo.

Ya kwanza wanaiita mwili wa pili. Mwili wako ni wa kwanza. Mwili wa pili ni mtawa mwenzako uliyekabidhiwa kumwangalia: kama amekula, kama ana homa, kama siku tatu hizi amekuwa kimya kupita kawaida. Wewe nawe ni mwili wa pili wa mtu mwingine, na mnyororo unazunguka hadi kila mmoja anaangaliwa na kila mmoja anaangalia. Mkuu wa makao hahitaji kujua hali za watu wote kichwani, na mtu akianza kuzama, wa kugundua yupo.

Ya pili wanaiita kuanza upya. Wanakaa duara, katikati kuna chombo cha maua. Anayetaka kusema anainuka, anakichukua chombo, anarudi nacho mahali pake, na akiwa nacho hakuna anayemkatiza. Kwanza anataja mema aliyoyaona kwa wenzake, jambo wanalolifananisha na kumwagilia ua. Kisha anakiri alipokosea yeye. Kisha, kama lipo, anasema alipoumizwa, bila kushitaki. Ukiitazama haraka utadhani ni adabu za kupendeza tu. Lakini ni mtego wa panya kwa majungu: malalamiko yana siku yake, mahali pake na mpangilio wake, na yanatanguliwa na wajibu wa kukiri lako kwanza.

Nina shaka moja hapo. Kumwambia mkubwa kwamba amekuumiza si jambo jepesi kwa mtu aliyelelewa Huế, kama lisivyo jepesi kwa aliyelelewa Pemba au Kilimanjaro. Na makao haya yanawaweka pamoja vijana wa Kivietinamu waliofundwa kuinamisha kichwa mbele ya mzee na Wazungu waliofundwa kusema lao waziwazi. Chombo cha maua hakiwezi kufuta tofauti hiyo. Kinachoweza ni kuipa mahali pa kukaa.

Ya tatu ni namna ya kuamua, na hii haikubuniwa Ufaransa. Ni ya kale kabisa katika Ubudha. Pendekezo linasomwa mbele ya watawa wote. Kwa maamuzi mazito, swali la kama kuna anayepinga linarudiwa mara 3. Anayekubali ananyamaza. Anayepinga anasema. Ukimya wa mara ya 3 ndio muhuri. Thich Nhat Hanh alichoongeza ni kuuchukulia utaratibu huo kwa uzito mkubwa kuliko mwanzilishi wa kawaida anavyopenda. Alizigawa kazi kwa mabaraza ya watawa na ya walimu, na kila mwaka aliwapa ualimu watu zaidi, watawa kwa walei, kwa sherehe ya kukabidhi taa. Hakuwahi kumtaja mmoja wao kuwa mrithi.

Waliokulia kwenye tarika watashangazwa na hilo. Sheikh akifa, swali la kwanza ni nani khalifa, na mara nyingi swali la pili ni kwa nini si yule mwingine. Thich Nhat Hanh aliwaambia wanafunzi wake kwamba yumkini Buddha ajaye hatakuja kama mtu mmoja bali kama jumuiya. Wengine waliyachukua kama mashairi. Nadhani alikuwa anazungumzia utawala.

Kuna mfano wa upande wa pili, tena wa watu wa heshima zao. Shunryu Suzuki, Mjapani aliyeanzisha San Francisco Zen Center mwaka 1962, alimkabidhi kiti mwanafunzi mmoja, Richard Baker, muda mfupi kabla hajafariki mwaka 1971. Kituo kilikua kwa kasi, kikawa na majengo, shamba na mkahawa. Mwaka 1983 mwenendo wa Baker ulizua mgogoro, akaondoka, na watu walioacha kazi na makwao kufuata njia ile wakabaki hawajui wamfuate nani. Baadaye kituo kikaweka utaratibu wa maabate wa vipindi, na kikapona. Lakini somo walilipata baada ya nyumba kuungua. Plum Village walikuwa na ndoo za maji tayari, na nadhani ni kwa sababu walikwisha kuungua kwingine.

Kwingine huko ni Vietnam.

Mwaka 2005 mlango ulifunguliwa. Thich Nhat Hanh alirudi nyumbani na msafara mkubwa, akarudi tena mwaka 2007 kuwaombea wafu wote wa vita bila kuuliza walipigania upande gani, na tena mwaka 2008. Abate wa hekalu la Bat Nha, katika mkoa wa Lam Dong, alikuwa amewakaribisha wafuasi wake wakae na kujifunza pale. Vijana wakamiminika. Ndani ya miaka michache watawa karibu 400, wengi wao wenye umri wa miaka ya ishirini na chini yake, walikuwa wakiishi Bat Nha, na majengo yalikuwa yamejengwa kwa fedha za wafuasi kutoka nje. Kwa mwanzilishi aliyekaa uhamishoni karibu miaka 40, hii ilikuwa zaidi ya kutimiza ndoto. Wengine wangeiita ushindi.

Halafu upepo ukageuka. Thich Nhat Hanh alikuwa ameishauri serikali ifute kitengo cha polisi wa dini, na alikuwa amesema hadharani maneno ya kumtetea Dalai Lama, kiongozi wa Wabudha wa Tibet. Abate akaondoa ukaribisho wake. Mwishoni mwa Juni 2009 makundi ya watu yaliingia hekaluni, umeme na maji vikakatwa, na vijana wale wakaishi hivyo miezi mitatu. Tarehe 27 Septemba 2009, mvua ikinyesha, walitolewa kwa nguvu. Waliokwenda Phuoc Hue, hekalu lingine mjini Bao Loc, waliandamwa huko pia, na kufikia mwisho wa Desemba hapakuwa na kundi lililobaki.

Hapa ndipo kisa kinaponivutia kuliko penginepo. Watawa 400 wasio na makao si jambo dogo, na wengi wao walikuwa wameingia utawa miaka miwili au mitatu tu iliyopita. Ungetegemea watawanyike, kila mmoja arudi kwa mama yake. Baadhi walirudi, hilo ni jambo la kibinadamu. Lakini sehemu kubwa walitoka Vietnam kidogo kidogo, wakajikusanya upya Pak Chong nchini Thailand, kwenye makao yaliyokuja kuitwa Plum Village ya Thailand. Wengine wakapelekwa Ufaransa, Ujerumani, Marekani. Wakati huohuo makao mapya yalikuwa yakifunguliwa au kukuzwa: Deer Park huko California tangu mwaka 2000, Blue Cliff katika jimbo la New York tangu 2007, Waldbröl nchini Ujerumani tangu 2008, kisha Hong Kong.

Waliwezaje kuingia makao ya ugenini bila makao yenyewe kupasuka? Nadhani kwa sababu mtawa wa Bat Nha aliyeshuka kwenye gari kwenye makao yao ya Mississippi, Marekani, alikuta kitu kilekile. Saa ya kuamka ni ileile. Nyimbo zilezile, japo lugha nyingine. Simu ikilia, watu wanasimama walipo na kuvuta pumzi tatu kabla ya kuipokea. Kuna siku ya uvivu kila juma, isiyo na ratiba. Na jioni ya siku ya kwanza atakuwa amepewa mwili wa pili. Ugeni wa nchi ulikuwa palepale, lakini ugeni wa maisha haukuwepo. Watu wengi tunaoishi mbali na kwetu tunalijua hili kwa njia nyingine: mswahili anayeingia msikiti wa Muscat au kanisa la Minneapolis asikokijua kitongoji anajua, angalau, lini asimame na lini akae.

Nirudi nyuma kidogo kwenye mwaka 2003, kwa sababu yaliyofuata yanahitaji hilo.

Kanuni za watawa wa Kibudha zina umri wa zaidi ya miaka 2,000, na zimejaa mambo ya bakuli, kanzu na mito ya kuvuka. Machi 2003, huko Seoul, Thich Nhat Hanh na walimu wenzake walitangaza toleo lililorekebishwa: 250 kwa watawa wa kiume, 348 kwa wa kike, idadi ileile ya zamani. Yaliyopitwa na wakati yaliondolewa, na mahali pake yakaingia magari, televisheni, kompyuta, simu za mkononi na barua pepe. Mtawa asiwe na barua pepe yake binafsi bila ruhusa ya jumuiya. Na ile ninayoipenda: asiingie kwenye intaneti peke yake bila mtawa mwenzake kando yake, asije akapotelea kwenye kurasa zenye sumu.

Cheka kidogo, mimi nilicheka. Watu wawili wazima wamekaa mbele ya kompyuta moja, mmoja akiandika barua kwa daktari wa meno, mwingine akimsindikiza kama anayevushwa mto. Lakini itazame tarehe. Mwaka 2003 dunia nzima ilikuwa inaisifu intaneti, na karibu hakuna aliyekuwa akiuliza inamfanya nini mtu aliye peke yake saa tano za usiku. Wao hawakuikataa; walirusha mafundisho mtandaoni hata kabla ya kiharusi. Walichokataa ni upweke wake. Chombo kiliruhusiwa kuingia kijijini kwa sharti kwamba kingetumiwa na jumuiya, si na mtu.

Ndiyo maana kiharusi cha 2014 hakikuwakuta mikono mitupu. Walimu walikuwepo kwa mamia, wenye ruhusa ya kufundisha. Mabaraza yalikuwepo. Mwaka 2015 watawa walifanya ziara ya mafundisho Marekani ambayo zamani angeiongoza yeye. Aliyekuwa mhudumu wake kwa miaka mingi, Phap Huu, Mkanada mwenye asili ya Vietnam, alikuwa tayari abate wa kitongoji cha juu cha Plum Village tangu 2011, akiwa bado kijana.

Na mwalimu mwenyewe alikuwepo bila kusema. Hili si jambo dogo, na sidhani kama lingeweza kupangwa. Kwa miaka 7 jumuiya ilikuwa na mzee wake kwenye kiti cha magurudumu, akisukumwa kwenye matembezi, akionyesha kwa mkono wa kushoto. Hakuwa na uwezo wa kuamua ugomvi, wala kumpendelea huyu dhidi ya yule. Waliozoea kumkimbilia walilazimika kukimbiliana. Jumuiya nyingi hupoteza sauti ya mwanzilishi na uso wake siku moja. Hawa walipewa muda wa kujaribu kutembea mzee akiwatazama. Wakati huo alihama mara mbili, Desemba 2016 kwenda Thailand karibu na wale vijana waliofukuzwa Bat Nha, na Oktoba 2018 kwenda Từ Hiếu, hekalu alikoingia akiwa na miaka 16, akisema kwa ishara kwamba hapo ndipo anataka kumalizia.

Kisha ikaja korona. Machi 2020 Plum Village ilifunga milango kwa wageni. Ndani, watawa hawakubadilisha mengi. Kwa watu wanaoishi pamoja nyuma ya ua, karantini ni jambo wanalolijua zaidi kuliko sisi. Pigo lilikuwa nje, na kwenye mfuko. Ada za mafungo ni sehemu kubwa ya kinachowalisha, na mafungo ya kiangazi, ambayo huleta familia nzima pamoja na watoto kwa wiki kadhaa, ndiyo makubwa kuliko yote.

Walihamishia mafungo mtandaoni kama kila mtu mwaka ule, lakini walihamisha kitu mahususi. Katika mafungo ya kawaida wageni hugawanywa kwenye vikundi vinavyoitwa familia, na mtu hubaki na familia yake hadi mwisho: wanakula pamoja, wanasikilizana, wanaosha vyombo pamoja. Mtandaoni familia zilibaki. Anayeketi kumsikiliza mtawa kwenye skrini akiwa jikoni kwake Manila au Lisbon alikuwa na watu wachache walewale wa kurudi kwao kila siku, wanaojua jina lake na mgonjwa wake. Mihadhara ya video ilikuwa imejaa duniani. Kilichokuwa adimu ni mtu wa kukuuliza umelalaje.

Kuna walionufaika kuliko zamani, na ni lazima isemwe hivyo bila aibu: wagonjwa, wenye ulemavu, mama wa watoto wachanga, watu wa nchi ambazo viza ya Ufaransa ni ndoto. Kwa mtu wa Kampala au Bujumbura, mlango wa Plum Village haukuwahi kuwa wazi kama ulivyokuwa wazi ulipofungwa. Ndiyo hesabu ya ajabu ya mwaka ule.

Lakini kuna kilichogoma kuhama. Sufuria haioshwi mtandaoni. Nusu ya mafunzo ya Plum Village yamo jikoni: kukata karoti kimya pamoja na mtu usiyempenda. Matembezi ya watu 300 kwa mwendo wa pole, watoto mbele wakiwa wameshika mkono wa mtawa, hayawezi kuwekwa kwenye vijidirisha. Na kengele, ambayo ndiyo moyo wa mambo yote, kwenye kompyuta hukwama, hufika kwa vipande, huku mmoja akiisikia mapema na mwingine kwa kuchelewa. Mtu aliyewahi kuswali au kusali kwa video anajua ninachosema.

Tarehe 22 Januari 2022, saa sita ya usiku, Thich Nhat Hanh alifariki Từ Hiếu akiwa na miaka 95. Mazishi yalichukua siku kadhaa hadi kuchomwa mwili tarehe 29. Mipaka ilikuwa bado haijafunguka vizuri, na wanafunzi wake wengi hawakuweza kufika. Makao yote yakafanya ibada zao kwa wakati mmoja na Huế, zikirushwa moja kwa moja. Mtu wa Thailand aliona Ufaransa wamekaa, Ufaransa waliona California wamekaa. Msiba wetu unataka watu wajae uani, wapike, walale kwenye mikeka hadi arobaini, na sijui kama ningeridhika kuzika kwa skrini. Ila hawa walikuwa na mazoezi ya miaka miwili, na waliagizwa waombolezaji wawe kimya. Kimya kinapita mtandaoni kuliko kilio.

Alikuwa amekwisha kukataza mnara. Wakishindwa kujizuia wakaujenga, alisema, waandike kibao kwamba yeye hamo humo ndani. Na kwa wasioelewa, waongeze kwamba wala hayuko nje. Na kama bado hawajaelewa, kwamba kama yuko popote, basi ni kwenye pumzi zao na hatua zao. Majivu yaligawanywa kwa makao mbalimbali, yamwagwe kwenye njia wanakotembea.

Je, wamefaulu? Bado mapema, nami nina wasiwasi wa aina mbili. Wa kwanza ni kwamba kukosa mrithi kumeiacha sauti yake bila mpinzani. Ukifungua kurasa zao, bado ni yeye anayeongea: rekodi, nukuu, vitabu vipya vilivyotengenezwa kwa mihadhara ya zamani. Walimu wa leo ni wazuri, lakini wengi wao wanafundisha kwa kumnukuu. Mafundisho yaliyokarabatiwa mwaka 2003 kwa sababu ya barua pepe yatahitaji kukarabatiwa tena kwa sababu ya mambo ambayo yeye hakuyaona, na mtu atakayesimama kupendekeza hilo atasimama bila ndevu za mzee za kumkinga. Utaratibu upo, pendekezo linasomwa, swali linaulizwa mara 3. Sijui ni nani atakuwa na kifua cha kulisoma.

Wa pili ni Vietnam. Chan Khong, aliyezaliwa mwaka 1938 katika delta ya Mekong, ni wa kizazi cha mabomu na mashua za wakimbizi. Kizazi chake kikiisha, makao ya Ulaya na Marekani yatabaki na watu waliojifunza utulivu kwa ajili ya msongo wa kazini, na wa Thailand watabaki na kumbukumbu ya umeme uliokatwa. Hayo ni maumivu mawili tofauti, na duara moja la kuanza upya itabidi liyachukue yote mawili.

Kwa sasa, mtawa yeyote aliyeingia Plum Village baada ya Novemba 2014 hajawahi kumsikia mwalimu wake akifundisha ana kwa ana. Wako wengi, na kila mwaka wanaongezeka. Baadhi yao tayari ndio wanaowapangia wageni familia zao siku ya kwanza ya mafungo.